Somo la Grafu: Kasi ya Bei Ikipungua, Bei Haijashuka

KILA inapotangazwa kwamba mfumuko wa bei umeshuka, mabishano mawili huzuka sokoni. Wapo wanaosema takwimu hizo ni za uongo, kwa sababu dukani hakuna kilichoshuka bei. Na wapo wanaoamini kwamba bei sasa zinarudi chini, wakazuia manunuzi yao wakingoja nafuu. Pande zote mbili hukosea, na kosa lao ni moja: wanachanganya bei, kasi ya bei, na badiliko la kasi hiyo.

Mambo haya matatu yanaweza kusomwa yote kwenye grafu moja. Anayetaka kuyasoma hahitaji kompyuta wala hesabu za chuo kikuu. Anahitaji rula, penseli na daftari la hesabu lenye vimraba. Somo la wiki hii linaonyesha namna ya kuitazama grafu ya bei, kisha kuchora chini yake grafu nyingine inayoonyesha kama kasi inazidi au inapungua. Wanahisabati huiita grafu hiyo derivativu ya pili. Kwa mfanyabiashara aliyenunua mzigo kwa mkopo, grafu hiyo ndiyo inayoweza kumtahadharisha mapema kwamba faida yake inaliwa, hata kama bei ya bidhaa yake haijashuka senti moja.

Basi, spidi na mguu wa dereva

Basi linatoka Dar es Salaam kwenda Morogoro. Abiria anaweza kuuliza maswali matatu. La kwanza: tumefika kilomita ya ngapi? La pili: tunakwenda spidi gani? La tatu: dereva amekanyaga mafuta au breki?

Kilomita ni kama bei. Spidi ni kasi ya bei, yaani derivativu ya kwanza. Mguu wa dereva ni badiliko la kasi, yaani derivativu ya pili. Dereva akikanyaga mafuta, spidi inapanda. Akikanyaga breki, spidi inashuka, lakini basi linaendelea kusogea kuelekea Morogoro. Hakuna abiria atakayedai kwamba limeanza kurudi Dar es Salaam kwa sababu tu dereva amegusa breki. Ili lirudi, sharti kwanza lisimame, kisha ligeuze.

Mfumuko wa bei ni spidi. Tangazo la kwamba mfumuko umeshuka ni habari ya breki, wala si habari ya kurudi nyuma. Bei hushuka pale tu mfumuko unapopita sifuri na kuwa hasi.

Mfano wa Tanzania, 1994 hadi 2001

Mfano mzuri wa breki ndefu ni ule wa Tanzania katika nusu ya pili ya miaka ya 1990. Mfumuko wa bei kwa wastani wa mwaka ulikuwa takriban asilimia 27 mwaka 1995, 21 mwaka 1996, 16 mwaka 1997, 13 mwaka 1998, 8 mwaka 1999, 6 mwaka 2000 na 5 mwaka 2001. Sheria ya Benki Kuu ya Tanzania ya mwaka 1995 iliweka utulivu wa bei kuwa lengo kuu la Benki hiyo, na kuanzia mwaka 1996 serikali ilifuata utaratibu wa kutumia fedha kadiri ya makusanyo yake. Breki zilikanyagwa kweli.

Sasa asilimia hizo zigeuzwe kuwa shilingi. Achukuliwe mnunuzi ambaye kikapu chake cha bidhaa kiligharimu Sh. 10,000 mwaka 1994, na bei za kikapu hicho zikafuata wastani wa nchi. Kwa kukadiria hadi mia iliyo karibu, hesabu yake inakuwa hivi:

1994: kikapu Sh. 10,000
1995: kikapu Sh. 12,700, nyongeza Sh. 2,700
1996: kikapu Sh. 15,400, nyongeza Sh. 2,700
1997: kikapu Sh. 17,800, nyongeza Sh. 2,400
1998: kikapu Sh. 20,100, nyongeza Sh. 2,300
1999: kikapu Sh. 21,800, nyongeza Sh. 1,700
2000: kikapu Sh. 23,100; nyongeza Sh. 1,300
2001: kikapu Sh. 24,200, nyongeza Sh. 1,100

Safu ya kikapu ndiyo grafu ya bei. Inapanda mwaka hadi mwaka bila kurudi nyuma hata mara moja. Safu ya nyongeza ndiyo kasi. Yote iko juu ya sifuri, na ndiyo maana bei hazikushuka. Lakini nyongeza zenyewe zinapungua, kutoka 2,700 hadi 1,100.

Hatua ya mwisho ni kutoa kila nyongeza kutoka kwa ile inayoifuata. Majibu ni haya: 0, kisha kasoro 300, kasoro 100, kasoro 600, kasoro 400 na kasoro 200. Hayo ndiyo mabadiliko ya kasi, na ndiyo nukta za grafu ya pili. Kila nukta huwekwa kwenye mwaka ambapo nyongeza mbili zinakutana. Badiliko kati ya nyongeza ya 1998 na ile ya 1999, yaani kasoro 600, linawekwa mwaka 1998, kwa kuwa mwaka huo ndio mwisho wa nyongeza ya kwanza na mwanzo wa ya pili.

Zikiunganishwa, nukta hizo zinatoa mstari unaoanza kwenye sifuri mwaka 1995, unaozama chini ya sifuri, unaofika kina kirefu zaidi mwaka 1998, kisha unaopanda polepole kurudi karibu na sifuri bila kuivuka. Kwa lugha ya basi: dereva aligusa breki, akaikanyaga sana mwaka 1998, halafu akaanza kuiachia. Wakati wote huo basi lilikuwa likisonga mbele.

Kuchora kwa rula bila namba

Mara nyingi mwekezaji hana safu ya namba mbele yake. Ana mchoro tu, uliochapishwa gazetini au kubandikwa ukutani. Hata hapo grafu ya pili inaweza kuchorwa, kwa hatua zifuatazo.

Kwanza, chini ya grafu ya bei uchorwe mstari mpya wa sifuri, na miaka au wiki zipangwe sawasawa na zile za juu, ili kila nukta iwe chini ya mwenzake.

Pili, rula iwekwe mwanzo wa grafu ya bei, kushoto kabisa, iguse mstari wa bei bila kuukata, na ielekee kule mstari unakoelekea. Jinsi rula ilivyoinama hapo ndiyo kasi.

Tatu, rula isogezwe polepole kwenda kulia, ikiendelea kuugusa mstari wa bei. Macho yaangalie ncha ya kulia ya rula. Ncha hiyo ikizidi kuelekea juu kadiri rula inavyosogea, derivativu ya pili ni chanya, na mstari wake uchorwe juu ya sifuri. Ncha ikizidi kuelekea chini, derivativu ya pili ni hasi, na mstari wake uchorwe chini ya sifuri. Rula ikisogea bila kubadili mwinamo, grafu ya bei hapo imenyooka, na derivativu ya pili ni sifuri, hata kama bei inapaa.

Nne, ziwekwe alama mahali ambapo ncha ya rula ilikuwa ikielekea juu ikaanza kuelekea chini, au kinyume chake. Hapo ndipo mpindo unapogeuka, na hapo grafu ya pili inavuka mstari wa sifuri.

Tano, zitafutwe sehemu ambazo rula iligeuka haraka kwa mwendo mfupi. Huko mpindo ni mkali, na grafu ya pili iwe mbali na sifuri, juu au chini. Mahali ambapo rula iligeuka polepole, grafu ya pili ikae karibu na sifuri. Kisha yote yaunganishwe kwa mstari mmoja.

Msomaji akitaka kukagua kazi yake, aangalie umbo. Palipo na umbo la bakuli lililowekwa wima, tayari kupokea uji, derivativu ya pili ni chanya. Palipo na umbo la bakuli lililofudikizwa, ni hasi.

Makosa mawili ya wanaoanza

Kosa la kwanza ni kufuata urefu. Bei ikiwa juu, mchoraji huiweka grafu ya pili juu. Bei ikiwa chini, huiweka chini. Urefu wa bei hauna neno hapa. Kikapu cha mwaka 2001 ni cha bei kubwa kuliko vyote kwenye orodha, na bado nukta zote za grafu ya pili baada ya ile ya kwanza ziko chini ya sifuri. Kinachoangaliwa ni mpindo peke yake.

Kosa la pili hutokea kileleni na bondeni. Kwenye kilele rula imelala bapa, kwa hiyo kasi ni sifuri. Wengi huandika sifuri kwenye grafu ya pili pia. Lakini kilele cha mviringo kina umbo la bakuli lililofudikizwa, na ncha ya rula inateremka inapokipita. Derivativu ya pili hapo ni hasi, na huenda ikawa hasi kuliko mahali pengine popote. Vivyo hivyo bondeni: kasi ni sifuri, derivativu ya pili ni chanya.

Sura nne za soko

Kwa kuunganisha mwelekeo wa bei na mpindo wake, mfanyabiashara anapata sura nne, na kila moja ina maana yake.

Bei inapanda, umbo la bakuli wima: kila nyongeza ni kubwa kuliko iliyotangulia. Mafuta yamekanyagwa.

Bei inapanda, umbo la bakuli lililofudikizwa: bei ya leo ni kubwa kuliko ya jana, lakini nyongeza zinapungua. Hii ndiyo sura ya Tanzania kuanzia 1996 hadi 2001, na ndiyo inayoleta mabishano mengi kuliko zote.

Bei inashuka, umbo la bakuli lililofudikizwa: kila anguko ni kubwa kuliko lililotangulia. Kwa mwenye mali hii ndiyo sura ya hatari zaidi.

Bei inashuka, umbo la bakuli wima: anguko linapoa. Achukuliwe mwenye hisa ambayo kwa wiki tano ilikuwa na bei ya Sh. 1,000, 800, 680, 620 na 600. Maanguko ni 200, 120, 60 na 20. Derivativu ya pili ni chanya muda wote: ongezeko 80, kisha 60, kisha 40. Dalali anaweza kusema hali inatengemaa, naye atakuwa hajadanganya. Lakini mwenye hisa amekwisha kupoteza Sh. 400 kwa kila hisa, na wiki ya mwisho alipoteza tena. Kupoa kwa hasara si faida.

Mtego wa asilimia

Jedwali la kikapu lina jambo moja linalostahili kutazamwa mara mbili. Kati ya 1995 na 1996 mfumuko ulishuka kutoka asilimia 27 hadi 21. Huo ni mshuko mkubwa kwa mwaka mmoja. Lakini nyongeza ya kikapu ilikuwa Sh. 2,700 mwaka wa kwanza, na Sh. 2,700 mwaka wa pili. Mama wa nyumbani aliyekwenda sokoni na noti mkononi hakuona breki yoyote. Kwake, kila mwaka uliomba shilingi zile zile zaidi.

Sababu ni kwamba asilimia 21 ya Sh. 12,700 inakaribia kuwa sawa na asilimia 27 ya Sh. 10,000. Asilimia ilipungua, lakini kitu kilichopigiwa asilimia kilikuwa kimekua. Kwa hiyo aliyesema takwimu ni za uongo alikuwa na hoja upande wa mfuko wake, ingawa takwimu zenyewe zilikuwa sahihi.

Upande wa pili wa mtego huo unaonekana kwenye akiba. Mtu akiweka Sh. 100,000 kwa riba ya asilimia 10 kwa mwaka bila kugusa riba yake, atakuwa na Sh. 110,000, kisha 121,000, kisha 133,100. Nyongeza ni 10,000, 11,000 na 12,100. Asilimia haikubadilika hata kidogo, lakini nyongeza zinakua, na derivativu ya pili ni chanya. Fedha inayokua kwa asilimia ile ile daima huchora bakuli wima.

Kwa hiyo kabla ya kuisoma grafu yoyote, mfanyabiashara aulize kwanza: mhimili huu wa wima ni wa shilingi au wa asilimia? Grafu ya asilimia za mfumuko tayari ni grafu ya kasi. Inaposhuka, kilichoshuka ni kasi, si bei. Aliyeiona grafu ya mfumuko ikiteremka akadhani ameona grafu ya bei ikiteremka amesoma ukurasa usio wake.

Mpindo unapogeuka: 2010 hadi 2015

Mfano wa kwanza ulikuwa wa breki peke yake. Mfano wa pili una mafuta na breki. Mwaka 2011 ukame, uhaba wa umeme na bei za chakula na mafuta ziliisukuma Tanzania kwenye mfumuko mpya. Kwa wastani wa mwaka, mfumuko ulikuwa asilimia 12.7 mwaka 2011, 16.0 mwaka 2012, 7.9 mwaka 2013, 6.1 mwaka 2014 na 5.6 mwaka 2015.

Kikapu cha Sh. 10,000 cha mwaka 2010 kingekuwa Sh. 11,300 mwaka 2011, kisha 13,100, 14,100, 15,000, na 15,800 mwaka 2015. Nyongeza ni 1,300, 1,800, 1,000, 900 na 800. Mabadiliko ya nyongeza ni ongezeko 500, kisha kasoro 800, kasoro 100 na kasoro 100.

Grafu ya pili inaanza juu ya sifuri mwaka 2011, inavuka kwenda chini kabla ya 2012, inazama hadi kasoro 800 mwaka 2012, kisha inatambaa chini kidogo ya sifuri. Pale inapovuka ndipo mpindo wa bei ulipogeuka, kutoka bakuli wima kuwa bakuli lililofudikizwa.

Namba za wastani wa mwaka huchelewa kuonyesha zamu hiyo. Kwa takwimu za mwezi, kilele cha mfumuko kilikuwa Desemba 2011, ulipofika asilimia 19.8 ukilinganishwa na Desemba ya mwaka uliotangulia. Mfanyabiashara aliyekuwa akichora kila mwezi aliiona zamu mapema kuliko aliyengoja wastani wa mwaka 2012, ambao bado ulionyesha mfumuko mkubwa kuliko wa 2011. Na baada ya zamu hiyo bei hazikurudi. Kikapu kiliendelea kupanda hadi Sh. 15,800.

Faida inavyoliwa bei ikiwa bado inapanda

Achukuliwe mfanyabiashara wa kubuni anayenunua mzigo wa Sh. 1,000,000 kwa mkopo wa riba ya asilimia 20 kwa mwaka, akauweka ghalani mwaka mzima, akauuza kwa bei mpya. Hesabu yake haina gharama ya ghala wala ya usafiri. Mwisho wa mwaka anadaiwa Sh. 1,200,000.

Bei ikipanda asilimia 27, mzigo unauzwa Sh. 1,270,000, naye anabaki na Sh. 70,000. Mwaka unaofuata anarudia, na bei inapanda asilimia 21: anabaki na Sh. 10,000. Mwaka wa tatu bei inapanda asilimia 16: mzigo unauzwa Sh. 1,160,000, na anapungukiwa Sh. 40,000. Akishikilia mtindo huo hadi bei inapanda asilimia 8 tu, anauza kwa Sh. 1,080,000 na anapungukiwa Sh. 120,000.

Katika miaka hiyo yote bei ya mzigo wake haikushuka hata mara moja. Kila mwaka aliuza kwa bei kubwa kuliko aliyonunulia. Kilichomfilisi ni kwamba alihitaji basi liende kwa spidi ya asilimia 20 au zaidi, na dereva alikuwa amekanyaga breki. Mtu huyu akitazama bei peke yake, hataona kosa lake lilipo. Akitazama kasi, ataliona mwaka wa tatu, akiwa tayari amepata hasara. Akitazama breki, mwaka wa pili angejiuliza: kasi ikiendelea kupungua hivi, itafika lini chini ya riba ninayolipa?

Na hilo ndilo swali ambalo grafu ya pili inafaa kuulizwa. Wauza vyakula, wauza vifaa vya ujenzi, na wote wanaoweka mali ghalani kwa fedha ya kukopa wanaishi kwa kasi ya bei, hawaishi kwa bei.

Tahadhari

Kwanza, grafu ya pili inaeleza kilichotokea. Haiahidi kitakachotokea. Hisa iliyopanda kutoka Sh. 1,000 hadi 1,200, 1,350, 1,450 na 1,500 ina nyongeza za 200, 150, 100 na 50. Derivativu yake ya pili ni mstari bapa kwenye kasoro 50. Mtindo huo ukiendelea, nyongeza inayofuata itakuwa sifuri. Lakini hakuna sheria inayoilazimisha hisa iendelee hivyo. Dereva anaweza kuachia breki wakati wowote.

Pili, grafu ya pili hukuza makosa. Ili kupata nukta moja yake zinahitajika bei tatu: ya nyuma, ya kati na ya mbele. Ya nyuma na ya mbele hujumlishwa, kisha ile ya kati hutolewa mara mbili. Kwa hiyo bei ya kati ikikosewa kwa shilingi mia, jibu linakosea kwa shilingi mia mbili. Hata kukadiria namba hadi mia iliyo karibu kunatosha kuyumbisha mstari. Kwenye mfano wa kwanza, mruko wa kasoro 300 kwenda kasoro 100 umetiwa chumvi na makadirio hayo. Sura ya jumla, yaani breki iliyofika kina chake mwaka 1998, ni ya kuaminika. Kila kimlima kidogo kisitafutiwe hadithi.

Tatu, bidhaa za msimu zina mpindo wao wa kila mwaka. Bei ya mahindi hupanda kabla ya mavuno na kushuka baada yake. Anayechora mwezi kwa mwezi ataona bakuli na bakuli lililofudikizwa zikipokezana kila mwaka, bila mabadiliko yoyote ya kweli kwenye soko. Bei ya mwezi ilinganishwe na ya mwezi kama huo mwaka uliopita.

Zoezi

Kenya ilipata mfumuko mkali baada ya uchaguzi mkuu wa Desemba 1992, fedha ilipoongezeka sana mikononi mwa watu. Kwa wastani wa mwaka, mfumuko ulikuwa takriban asilimia 27 mwaka 1992, 46 mwaka 1993, 29 mwaka 1994 na 2 mwaka 1995. Msomaji aanze na kikapu cha Sh. 10,000 za Kenya mwaka 1991. Apige bei za kila mwaka, atafute nyongeza, kisha achore grafu ya pili. Halafu ajibu: je, mshuko wa mfumuko mwaka 1994, kutoka asilimia 46 hadi 29, ulimpa mnunuzi nafuu gani kwa shilingi?

Majibu: kikapu ni Sh. 12,700 mwaka 1992, kisha 18,500, 23,900 na 24,400. Nyongeza ni 2,700, 5,800, 5,400 na 500. Grafu ya pili ina nukta tatu: ongezeko 3,100 mwaka 1992, kasoro 400 mwaka 1993 na kasoro 4,900 mwaka 1994. Inavuka sifuri kabla kidogo ya kufika 1993, kisha inatumbukia.

Kuhusu nafuu ya 1994, ilikuwa ndogo sana. Mfumuko ulishuka kwa pointi 17 za asilimia, lakini mnunuzi aliongeza Sh. 5,400 mahali ambapo mwaka uliotangulia aliongeza Sh. 5,800. Breki yenyewe ilikanyagwa kati ya 1994 na 1995. Na hata baada ya breki hiyo kali, kikapu cha Sh. 10,000 kilibaki Sh. 24,400.